Fundi Anajibu: Amplifaya ya hedifoni yenye DAC ndani yake

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu kitu kimoja: kisanduku kidogo kinachopokea sauti ya dijitali kutoka kwenye kompyuta au simu, kikaigeuza kuwa mawimbi ya umeme, kisha kikaipa nguvu ya kusukuma hedifoni. Sehemu inayogeuza mafundi wanaiita DAC, nasi tutaiita hivyo hivyo. Barua zilizouliza jambo moja tumeziunganisha.

Mafundi, salamu. Nataka kuunda amplifaya yangu ya hedifoni yenye DAC ndani. Nimesoma habari za chipu mpaka kichwa kinagonga: ESS, AKM, Burr-Brown. Nianze na ipi? — Msomaji, Morogoro

Chipu iache kwanza. Anza na hedifoni utakayoisukuma, maana hiyo ndiyo inayosema unahitaji volti ngapi na ampea ngapi. Chukua mifano miwili ambayo watu wengi wanayo. Beyerdynamic DT 990 ya omu 250 inatoa desibeli 96 kwa miliwati 1. Ukitaka vilele vya desibeli 110, na hapo sikio limeshaanza kulalamika, unahitaji desibeli 14 zaidi, yaani miliwati 25. Kwa omu 250 hiyo ni volti 2.5 na miliampea 10. Audio-Technica ATH-M50x ni ya omu 38 na inatoa desibeli 99 kwa miliwati 1. Kufika 110 inataka miliwati kama 12.6: volti 0.7 tu, lakini miliampea 18. Unaona tofauti yao? Ya kwanza inadai volti, ya pili inadai ampea. Amplifaya inayofaa zote mbili lazima iwe na vyote viwili, na hesabu hii inachukua dakika tano kwenye karatasi.

Sasa rudi kwenye DAC. PCM5102A ya Texas Instruments inatoa volti 2.1 sauti ikiwa juu kabisa. DT 990 inataka 2.5. Kwa hiyo ukuzaji unaohitajika ni kama mara 1.2. Hapa ndipo wengi wanapotea: wanachukua sakiti ya zamani ya CMoy, ambayo ukuzaji wake ni mara 11, wakaifunga nyuma ya DAC ya volti 2. Matokeo yake volyumu inatumika sehemu ndogo tu ya mzunguko wake, upande wa kushoto na wa kulia haulingani kwa sababu volyumu za bei ya chini huwa mbaya kule mwanzoni, na sauti ya "shhh" inasikika hata muziki ukisimama.

Mpango tunaoupendekeza kwa kazi ya kwanza ni huu. DAC ni PCM5102A. Baada yake NE5532 moja (ni opampu, chipu ya kukuza mawimbi, yenye nusu mbili), kila nusu upande wake, ikiwa na rezista mbili za kilo-omu 1.5 kwenye mrejesho. Swichi ikiunganisha rezista ya kwenda graundi unapata mara 2, ikiikata unapata mara 1. Halafu volyumu ya kilo-omu 10 aina ya logi, kapasita ya filamu ya mikrofaradi 2.2, rezista ya kilo-omu 40 kwenda graundi, na mwisho NJM4556A, chipu moja kila upande. Nusu zake mbili zifanye kazi pamoja bila kukuza, kila moja ikitokea kwenye rezista ya omu 1. Zikiungana, hedifoni inaona omu 0.5. Kapasita ile inazuia mkondo mdogo wa pembejeo ya opampu usipite kwenye kidole cha volyumu, yaani mguso wake unaosogea ukizungusha. Bila hiyo, kila ukizungusha utasikia mkwaruzo, nawe utaibadilisha volyumu mara tatu bure.

Kwa upande wa USB, kama huna haja ya zaidi ya biti 16 na kilohezi 48, PCM2704C inafanya yote ndani ya chipu moja kwa kristali ya megahezi 12. Ukitaka zaidi, tafuta daraja la USB la aina inayofuata saa yake yenyewe, kama zile za XMOS, lenye kristali mbili: megahezi 22.5792 kwa familia ya kilohezi 44.1 na 24.576 kwa familia ya 48. Daraja lenye kristali moja tu hulazimika kuitengeneza saa ya pili kwa hesabu, na hapo usafi wake hupungua. Kilohezi 192 hazitakuongezea kitu unachokisikia. Fedha hiyo ipeleke kwenye umeme.

Nimeunganisha bodi ndogo ya PCM5102A na Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja. Mara iko kimya kabisa, mara inatoa kelele kama mvua. Siku moja ilikubali, lakini nikichomeka hedifoni sauti ni ndogo sana. Bodi ni mbovu? — Msomaji, Mwanza

Huenda ni nzima kabisa. Matatizo yako yana vyanzo vitatu tofauti.

Ukimya kwanza. Geuza bodi. Nyuma kuna pedi za kuunganisha kwa risasi, zimeandikwa namba 1 hadi 4, kila moja ina upande wa H na wa L. Namba 1, 2 na 4 ziende L, namba 3 iende H. Namba 3 ndiyo XSMT, mguu wa kunyamazisha: ukiwa chini, chipu inanyamaza kimya. Bodi nyingi zinauzwa pedi hizo zikiwa wazi, na mguu unaoning'inia hauna msimamo, leo juu kesho chini. Namba 4 ni FMT, mpangilio wa data. Ikienda H wakati Pi inatuma I2S (mpangilio wa kawaida wa kupeleka sauti ya dijitali kati ya chipu), biti zinasogea kwa nafasi moja na sauti inachanika vibaya sana.

Kelele ya mvua karibu kila mara ni mguu wa SCK, yaani wa saa kuu. Pi haitoi saa hiyo, kwa hiyo chipu inapaswa kujitengenezea ya ndani, na inafanya hivyo pale tu SCK inapokuwa kwenye graundi. Upande wa mbele, karibu na mguu huo, kuna pedi mbili ndogo. Zijaze risasi ziungane. Kama hazionekani, piga waya mfupi kutoka SCK hadi GND.

Kwenye Pi, BCK (saa ya biti) inatoka pini ya 12, LCK (saa ya kushoto na kulia) pini ya 35, DIN (data) pini ya 40. Ndani ya faili la config.txt weka mstari dtoverlay=hifiberry-dac na uufunge ule wa dtparam=audio=on kwa alama ya #. Nyaya zisizidi sentimita 10. Kwa kilohezi 48, BCK inakwenda megahezi 3.072, na waya mrefu kwa kasi hiyo ni antena. Rezista ya omu 33 kwenye kila waya, upande wa Pi, inatuliza kingo za mawimbi.

Udogo wa sauti ni jambo lingine. Tundu la milimita 3.5 lililo kwenye bodi hiyo linadanganya watu wengi kwa sura yake. Ni tundu la kupeleka sauti kwenye amplifaya, siyo la hedifoni. Ndani kuna rezista ya omu 470 kila upande. Ukichomeka hedifoni ya omu 32, kati ya volti 2.1 inabaki 0.13 tu. Chipu yenyewe imeundwa kusukuma kilo-omu 1 kwenda juu. Weka amplifaya mbele yake.

Amplifaya yangu inakwaruza hata nikishusha volyumu. Nimefuata sakiti ya O2, ile iliyotolewa wazi mwaka 2011, nikaacha ukuzaji wa mara 6.5. Umeme ni volti 12 chanya na hasi. — Msomaji, Nakuru

Katika sakiti hiyo volyumu iko baada ya hatua ya kukuza. Volti 2.1 mara 6.5 ni 13.7, kilele chake ni 19, nawe una 12. Opampu inakata vichwa vya mawimbi kabla volyumu haijayaona, kwa hiyo kuishusha ni kushusha sauti iliyokwisha kuharibika. Kwa umeme wako kilele salama ni kama volti 10, na hiyo inaruhusu ukuzaji wa mara 3.3 na si zaidi. Weka 2.

Mchana inapiga vizuri. Ikifika saa moja jioni inaanza mvumo, ikifika saa tano usiku unapotea wenyewe. Transfoma ni ya volti 12-0-12, regyuleta (chipu za kutuliza volti) ni 7812 na 7912, kapasita mbili za mikrofaradi 2,200. — Msomaji, Kigamboni

Ni mtaa wako wote unaopika na kuwasha taa. Umeme unashuka, na transfoma yako haina akiba.

Fanya hesabu pamoja nasi. Kwa volti 230, volti 12 za transfoma zina kilele cha 17. Toa 0.8 ya dayodi, unabaki na 16.2. Regyuleta ya 78 inataka angalau volti 2 juu ya kile inachotoa, yaani 14. Uko salama, ila kwa nafasi finyu. Sasa umeme ukishuka hadi 190, volti 12 zinakuwa 9.9, kilele 14, ukitoa dayodi ni 13.2. Kwa mzigo wa miliampea 60, kapasita ya 2,200 inacheza volti 0.27 mara 100 kwa sekunde. Regyuleta haiwezi tena kuziba mchezo huo, inaupitisha moja kwa moja. Mvumo unaousikia ni wa hezi 100, siyo 50. Ukiufananisha na sauti ya hezi 100 kutoka kwenye simu utaona zinalingana.

Kuongeza kapasita hakutasaidia, ingawa ndilo jambo la kwanza kila mtu hulifanya. Kinachokosekana ni urefu wa volti. Badilisha transfoma iwe 15-0-15, VA 15. Kwa volti 190 utabaki na 16.7 kabla ya regyuleta, na kwa 230 utakuwa na 20.4. Joto kwenye kila regyuleta ni volti 8.4 mara miliampea 60, nusu wati, kiasi ambacho bati dogo la kupozea linamudu.

Mambo mawili ya kuangalia unapobadilisha. Kapasita za kabla ya regyuleta ziwe za volti 35. Transfoma ndogo isiyo na mzigo hutoa hata asilimia 20 zaidi ya kilichoandikwa juu yake, na umeme wa alfajiri ukipanda hadi 250 utapita volti 25 bila kubisha hodi. La pili ni 7912. Miguu yake haifanani na ya 7812. Ukiitazama 7812 kwa mbele, kutoka kushoto ni kuingia, graundi, kutoka. Ya 7912 ni graundi, kuingia, kutoka. Na mgongo wake wa chuma umeungana na mguu wa kuingia, si na graundi. Ukizifunga zote mbili kwenye bati moja bila karatasi ya mika na kikombe cha plastiki cha skrubu, umepiga shoti. Kila mwaka kuna barua ya moshi uliotokea hapo.

Natumia betri moja ya volti 9, nimeigawa kati kwa rezista mbili kupata graundi ya katikati. Peke yake inafanya kazi. Nikitaka DAC ya USB nayo itumie umeme wa betri hiyo hiyo kupitia regyuleta ya volti 5, betri inapata moto. — Msomaji, Mombasa

Ndugu yangu, umeunda graundi mbili zinazogombana. Graundi ya USB ndiyo hasi ya umeme wake. Graundi ya amplifaya yako iko katikati ya betri, volti 4.5 juu ya hasi. Regyuleta ya kushusha hadi volti 5 imeunganisha graundi ya DAC na hasi ya betri, halafu waya wa sauti ukaiunganisha graundi hiyo hiyo na ile ya katikati. Nusu ya chini ya mgawanyo wako imepigwa shoti kupitia ngao ya waya wa sauti.

Njia rahisi ni kuiacha DAC itumie umeme wa USB, na amplifaya iwe na betri mbili za volti 9, kiungo chao cha kati kiwe graundi ya kweli. Njia ya kifundi zaidi, kama unataka kila kitu kitoke kwenye volti 5 za USB, ni chipu inayotoa chanya na hasi kwa pamoja, kwa mfano TPS65133: volti 5 chanya na hasi, hadi miliampea 250. Kwa volti 5 NE5532 inabanwa, kwa hiyo usitegemee kusukuma hedifoni ya omu 250 mpaka mwisho. Kwa zile za omu 16 hadi 64 inatosha kabisa.

Usishawishike na ICL7660, hata kama iko kwenye kila duka. Inapampu kwa kilohezi chache tu, ndani kabisa ya masafa ya sikio, na upinzani wake wa ndani ni makumi ya omu. Ukiipa kazi ya kusukuma hedifoni, volti hasi inaporomoka kila ngoma inapopiga, na juu yake unapata mlio mwembamba usioisha.

Nikichomeka USB kwenye laptopu nasikia milio ya ajabu. Nitajuaje inatoka wapi? — Wasomaji wanne: Bujumbura, Dodoma, Tanga, Nairobi

Sikiliza urefu wa mlio. Hezi 50 ni duara la graundi, yaani ethi ya kompyuta na ethi ya amplifaya zimekutana kwa njia mbili. Hezi 100 ni umeme usiochujwa, soma jibu la Kigamboni. Mlio wa kilohezi 1, kama filimbi ya mwamuzi anayesikika kwa mbali, ni USB ya kasi ya kawaida, inayotuma pakiti kila milisekunde. Kilohezi 8 ni USB ya kasi ya juu, pakiti mara 8 kwa milisekunde. Kelele inayobadilika unaposogeza mausi ni mkondo wa kompyuta unaopita kwenye graundi yako.

Jaribio la kwanza: chomoa chaja ya laptopu, iache kwenye betri. Mlio ukiondoka, kosa ni duara la graundi na halihusiani na bodi yako. Kitenganishi cha ADuM4160 kinalikata, ila kinapitisha kasi ya megabiti 12 tu. DAC inayodai kasi ya juu haitafanya kazi nyuma yake. Kwa hizo kuna ADuM4166, au tumia waya wa mwanga.

Mlio ukibaki, tazama jinsi ulivyopiga graundi ndani. Kosa tunalolikuta zaidi ni waya wa kurudi wa jeki. Hedifoni ya kawaida ina nyaya tatu, kushoto na kulia zikirudi kwa waya mmoja. Waya huo ukiwa na omu 0.1 tu kabla ya kufika kwenye kapasita za umeme, kwa hedifoni ya omu 32 upande mmoja unavujia mwingine kwa desibeli 50 chini, na chochote kingine kinachopita hapo kinaimba. Toa waya mnene kutoka kwenye jeki moja kwa moja hadi sehemu zinapokutana kapasita mbili kubwa. Graundi ya DAC nayo ije hapo hapo kwa waya wake.

Nilitoa NE5532 nikaweka LM4562 kwa sababu inasifiwa. Sasa chipu inaunguza kidole na sauti imekuwa kavu. Nimeuziwa feki? — Msomaji, Nairobi

Inawezekana, ila kuna sababu iliyo karibu zaidi. NE5532 ina upana wa megahezi 10, LM4562 ina 55. Bodi iliyoivumilia ya kwanza inaweza kuifanya ya pili ipige kelele yenyewe kwa megahezi kadhaa, sauti usiyoisikia, lakini inayokula umeme na kuharibu unayoisikia.

Kipimo hakihitaji oskiloskopu. Weka rezista ya omu 10 kwenye njia ya volti chanya ya chipu, bila muziki, upime volti kati ya miguu ya rezista. Kila volti 0.1 ni miliampea 10. LM4562 nzima iliyotulia inakula kama miliampea 10. Ukisoma 30 au 40, inajiendesha yenyewe. Kapasita ya nanofaradi 100 ichomwe tumboni mwa soketi, kati ya mguu wa 4 na wa 8, miguu yake ikiwa mifupi iwezekanavyo, na pikofaradi 22 sambamba na rezista ya mrejesho. Ukitumia adapta ya soketi yenye miguu mirefu, itoe.

Kipimo hicho hicho kinafichua feki. NE5532 ya kweli inakula kama miliampea 8. Nyingi za mitaani ni 4558 zilizofutwa jina na kuandikwa upya, na hizo zinakula 3 hadi 4. Pima kabla hujaondoka dukani kama muuzaji anaruhusu, na kama haruhusu umeshapata jibu.

Nikiwasha na kuzima kuna "dup!" kwenye hedifoni. Ina madhara? — Msomaji, Zanzibar

Kwa hedifoni ndogo za kuingiza sikioni ina madhara, na kwa sikio lenyewe pia. Volti chanya na hasi haziinuki wala kuanguka kwa pamoja, na kwa sehemu ya sekunde opampu inasukuma volti kadhaa za mkondo mnyoofu (DC).

Weka relei yenye njia mbili kati ya amplifaya na jeki. Iendeshwe na transista ya 2N7000: rezista ya mega-omu 1 kutoka volti 12 hadi geti, kapasita ya mikrofaradi 10 kutoka geti hadi graundi. Inachelewa kama sekunde 2. Dayodi ya 1N4148 kutoka geti kwenda volti 12, mstari wake ukielekea kwenye volti 12, inamwaga kapasita haraka ukizima na kuwasha tena. Nyingine iwe juu ya koili, mstari ukielekea chanya.

Hiyo inatibu kuwasha tu. Kuzima kunataka koili isile umeme wa kapasita kubwa, vinginevyo relei itashikilia mpaka amplifaya imeshatema. Toa dayodi mbili za 1N4007 kutoka ncha mbili za transfoma, kapasita ya mikrofaradi 47 basi, na rezista ya kupunguza volti. Kwa koili ya volti 12 na omu 1,000, kutoka volti 20, tumia omu 680. Ukizima, kapasita hiyo ndogo inakauka chini ya sekunde 0.1 na relei inaachia. Kapasita kubwa za mikrofaradi 2,200 bado zina akiba wakati huo.

Kabla ya hayo yote pima mkondo mnyoofu kwenye jeki, bila hedifoni, volyumu ikiwa chini kisha juu. Milivolti 10 kushuka ni sawa. Ikifika 50, usichomeke kitu. Tafuta opampu iliyokufa au kapasita iliyounganishwa na rezista isiyo sahihi.

Sina mashine za kupimia. Nitajuaje nimefanikiwa? — Msomaji, Songea

Multimita na rezista mbili, omu 33 na omu 330 za wati 1, zinakufikisha mbali. Angalia tu multimita yako: ile ndogo ya njano ya DT830 inaanza na AC ya volti 200, haiwezi kusoma volti 1. Tafuta yenye AC ya volti 2. Piga toni ya hezi 200, si 1,000, maana multimita za bei rahisi hudanganya masafa yakipanda. Rekebisha volyumu usome volti 1.000 bila mzigo, kisha unganisha omu 33. Ukisoma 0.971, gawa 1 kwa 0.971, toa 1, zidisha kwa 33: unapata karibu omu 1. Huo ndio upinzani wa kutokea. Unapaswa kuwa chini ya moja ya nane ya hedifoni, yaani omu 4 kwa ile ya 32. Ukizidi, besi hubadilika kulingana na hedifoni iliyochomekwa.

Kwa kelele na upotoshaji, tumia kadi ya sauti yenye pembejeo ya biti 24 na programu ya bure ya REW. Pima kwanza kadi yenyewe, waya ukitoka kwake na kurudi kwake, ndipo upime amplifaya. Bila hatua hiyo utaisifu au kuilaumu kazi yako kwa makosa ya kadi.

Yangu imekubali. Watu wananiomba niwatengenezee, kama ishirini hivi. Kuna la kuangalia? — Msomaji, Arusha

Umeme wa ukutani uutoe ndani ya kasha. Tumia adapta ya nje ya AC volti 15, iliyothibitishwa, na dayodi moja kila upande. Utapata chanya na hasi, ila mchezo wa volti utakuwa wa hezi 50 badala ya 100, kwa hiyo ongeza kapasita maradufu, mikrofaradi 4,700 kila upande.

DAC iweke kwenye bodi ndogo inayochomekwa, yenye pini za I2S na umeme peke yake. Oktoba 2020 kiwanda cha AKM kilichoko Nobeoka, Japani, kiliungua, na waliokuwa wamejenga bidhaa nzima juu ya chipu zake walilazimika kuchora bodi upya. Ukiwa na bodi ndogo, unachora hiyo tu.

Nunua volyumu thelathini kwa ajili ya ishirini. Weka kila moja kwenye robo ya kwanza ya mzunguko, pima pande zote mbili, na inayopishana zaidi ya desibeli 2 itenge. Kila kisanduku kabla hakijatoka kipimwe vitu vinne: mkondo mnyoofu kwenye jeki, miliampea zinazoliwa bila muziki, volti kwenye omu 33 kila upande, na relei kuachia unapochomoa adapta. Andika namba hizo kwenye karatasi moja na namba ya kisanduku, ubaki nayo wewe. Kikirudi baada ya miezi sita utajua kilichobadilika.